Gereza la Pili

Nataka kuanza insha hii kwa kukiri kosa. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nilipelekwa katika shule moja kufanya mazoezi ya kufundisha. Darasani mwangu alikuwamo mvulana mmoja aliyeketi nyuma, ambaye kila siku alinakili vibaya maneno ya ubaoni. Aliandika herufi moja mahali pa nyingine, akaruka mistari, akaacha nafasi tupu. Nilimdhania mvivu. Siku moja, mbele ya wenzake, nilimwuliza kama alikuwa kipofu. Darasa zima likacheka, nami nikaridhika, kwa kuwa nilidhani nimemfunza adabu ya kazi. Juma zima lililofuata mvulana yule hakuandika neno hata moja. Aliketi kimya na mikono yake chini ya dawati. Baadaye nilipata kujua kwamba macho yake yalikuwa yakififia kwa muda wa miaka miwili, na kwamba aliificha habari hiyo kwa kila mtu, hata kwa mama yake mzazi.

Nimejiuliza mara nyingi sababu ya mtoto kuficha jambo kama hilo. Mtu akiumwa na jino hulia; akivunjika mguu huita watu. Mbona anayepotewa na nuru ya macho hunyamaza? Jibu sikulipata katika vitabu vya uganga. Nililipata katika historia ya mtu mmoja wa nchi ya Misri, aitwaye Taha Hussein. Alipoteza macho akiwa mtoto mdogo, akaishi hata akawa mwalimu, mwandishi na waziri, na alisimulia maisha yake bila kuficha aibu zake. Nakuomba tufuatane katika njia aliyopita.

Lakini kwanza sharti nikutajie mtu mwingine wa kale zaidi, kwa kuwa Taha Hussein mwenyewe alimwona kuwa ndugu yake wa moyoni. Katika mwaka wa 973, katika mji wa Maarrat al-Numan nchini Shamu, alizaliwa mshairi Abu al-Ala al-Maarri. Alipokuwa na umri wa miaka minne hivi alishikwa na ndui, na ndui ikamharibu macho. Alikua akawa bingwa wa lugha ya Kiarabu, akasafiri hata Baghdad. Kisha akarudi kwao, akajifungia nyumbani, akaishi hivyo karibu miaka hamsini hata kufa kwake mwaka wa 1057. Alijulikana kwa jina la mfungwa wa magereza mawili: gereza la kwanza ni upofu wake, na la pili ni nyumba yake. Shika maneno hayo, msomaji. Gereza la kwanza hakulichagua. Gereza la pili aliingia kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa tuje kwa Taha. Alizaliwa mwezi wa Novemba mwaka wa 1889 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Maghagha, kusini ya Kairo, mahali ambapo mto Nile, ule uyapokeao maji ya Ziwa Viktoria, hukata mashamba ya miwa na pamba. Baba yake alikuwa mtumishi mdogo katika kampuni ya sukari, na watoto nyumbani walikuwa kumi na watatu. Taha alikuwa wa saba. Akiwa bado mdogo sana, macho yake yalivimba. Ugonjwa wa macho ulikuwa mwingi nchini Misri siku hizo. Mtoto aliachwa kwa siku kadhaa bila ya kutunzwa, kisha akaitwa kinyozi wa kijiji, ambaye pia alikuwa mganga kama ilivyokuwa desturi. Kinyozi alimtibu, na matibabu yake yakamwondolea kabisa nuru ya macho. Haikuwa chuki. Ulikuwa ujinga na umaskini, navyo vimepofusha watu wengi ulimwenguni kuliko vita.

Mtoto mdogo hajui kwamba amepotewa na kitu. Taha aliijua dunia kwa masikio na vidole. Alisikiliza hadithi za masimulizi kando ya ua, na sauti za dada zake na mama yake. Polepole akatambua kwamba ndugu zake hueleza vitu asivyovijua yeye, akafahamu kwamba wao huona. Akatambua pia kwamba mama yake humwonea huruma, na ndani ya huruma ile mna kupuuzwa kidogo. Moyo wake ukaingia huzuni ya kimya. Lakini mlango wa gereza la pili ulikuwa haujafungwa bado. Ulifungwa jioni moja, wakati wa chakula.

Jamaa walikuwa wameketi kula pamoja kwa mikono, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kwetu. Taha aliingiwa na wazo la kitoto: itakuwaje akichukua tonge kwa mikono miwili badala ya mmoja? Akafanya hivyo. Ndugu zake wakaangua kicheko. Mama yake akatokwa na machozi. Baba yake, kwa sauti ya upole na huzuni, akamwambia kwamba tonge halichukuliwi hivyo. Hapakuwa na kofi wala tusi. Hata hivyo Taha aliandika kwamba usiku ule hakujua aliulalaje. Tangu siku ile alijinyima mchuzi, akajinyima wali, akajinyima kila chakula kiliwacho kwa kijiko, kwa kuogopa kwamba kitamwagika na watu watacheka. Alipopata uwezo alipenda kula peke yake. Alipokuja kusoma habari za al-Maarri akakuta kwamba mshairi yule naye alimwagikiwa asali ya zabibu kifuani bila kujua, mwanafunzi mmoja akamwonyesha, naye akaiacha asali ile maisha yake yote na kujificha wakati wa kula. Karne tisa zilikuwa kati yao, lakini kidonda kilikuwa kimoja.

Nataka uone jambo hili kwa makini. Kilichomnyima Taha wali hakikuwa upofu. Kipofu aweza kula wali. Kilichomnyima ni aibu, na aibu ile ilijengwa kwa matofali ya namna tatu: kicheko cha ndugu, machozi ya mama na huzuni ya baba. Hata waliompenda walishiriki kujenga. Wazee wetu walisema, hujafa hujaumbika. Nao walisema hivyo ili mtu asimcheke mwenzake kwa umbo au kilema, maana hajui kesho yake mwenyewe. Lakini huruma isiyo na busara nayo huumiza. Anayeliliwa kila siku hujiona kuwa msiba nyumbani mwake.

Taha alipelekwa chuoni kuhifadhi Kurani, kama watoto wa Lamu na Mombasa wapelekwavyo. Alihitimu akiwa na umri wa miaka tisa hivi, akaanza kuitwa shehe. Kisha akazembea, na mwalimu wake pia akazembea. Siku moja baba yake alimtaka asome mbele ya wageni, naye akashindwa. Jasho la aibu lilimtoka. Katika siku za fedheha kama hizo za chuoni, aliandika baadaye, mtoto yule alifikia kujidhuru mwili wake kwa mkono wake mwenyewe. Kwa bahati njema jeraha lilikuwa dogo. Mama yake alikuja, akamtazama, akamkaripia, akaendelea na kazi zake. Hapana aliyeketi karibu naye kumwuliza kwa nini.

Msomaji wangu, haya siyaandiki ili kukutisha. Nayaandika kwa sababu moyo huumwa kama mwili uumwavyo, na maumivu ya moyo hayaonekani kwa macho ya mtu mzima wala ya kipofu. Ukimwona mwenzako amejitenga, au wewe mwenyewe ukiona kwamba mzigo umekushinda hata unafikiri kujidhuru, usinyamaze. Mwendee mzazi, mwalimu, muuguzi au rafiki, na kama wa kwanza hakusikii, mwendee wa pili. Mficha maradhi kifo humwumbua.

Katika mwaka wa 1902 kipindupindu kiliingia Misri. Kaka yake mmoja, kijana wa miaka kumi na minane aliyekuwa akijiandaa kusomea utabibu, aliugua na kufa mnamo siku moja. Taha aliingia usiku mwingi wa ndoto za kutisha. Lakini hapa ndipo tunapoona kwa mara ya kwanza namna alivyojifunza kuuchukua msiba. Aliamua kuswali kila sala mara mbili, moja yake na moja ya marehemu, na kufunga kwa ajili ya nafsi mbili. Huzuni yake haikuondoka, ila ilipata kazi ya kufanya. Huzuni isiyo na kazi huozesha moyo.

Mwaka ule ule alikwenda Kairo pamoja na kaka yake mkubwa kusoma katika msikiti wa Al-Azhar. Siku ya kujaribiwa, watahini hawakumwita kwa jina lake. Walimwita kwa upofu wake. Alikuwa amezoea watu wa nyumbani kumwonea huruma, na sasa akajua kwamba mbele ya wageni hana hata jina. Kisha zikaja jioni za upweke. Kaka yake alikwenda kukaa na wenzake kunywa chai na kuzungumza, naye Taha akabaki chumbani peke yake, katika giza, akisikiliza vicheko vya mbali na michakato ya wadudu kutani. Alitamani kuwa pamoja nao, lakini aliona haya kuomba. Tazama lile gereza la pili lilivyo: mlango haukuwa na kufuli, na bado hakuweza kuusukuma.

Ni nani aliyeusukuma? Hakuwa mwanachuoni mkuu wala tajiri. Alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, aliyekuja kutoka kijijini naye kusoma Al-Azhar. Wawili hao wakala pamoja, wakaenda darasani pamoja, wakacheka pamoja, na upweke wa Taha ukaisha. Dawa ilikuwa ni mtu mmoja tu wa kukaa naye. Kidole kimoja hakivunji chawa, na nafsi moja haivunji giza lake peke yake.

Baada ya hapo Taha akapanda. Chuo Kikuu cha Misri kilipofunguliwa mwaka wa 1908 alijiunga nacho, na mwaka wa 1914 alipata shahada ya udaktari, ya kwanza kabisa kutolewa na chuo kile. Wajua aliandika juu ya nani? Juu ya al-Maarri, yule mfungwa wa magereza mawili. Ni kana kwamba alitaka kuliingia gereza lile kwa taa ya elimu, apime kuta zake, ajue lilivyojengwa. Aliomba kupelekwa Ufaransa kuendelea na masomo. Alikataliwa zaidi ya mara moja, na upofu wake ulikuwa mmoja wa visingizio. Aliomba tena. Mwaka wa 1914 akaenda.

Huko, katika mji wa Montpellier, alihitaji mtu wa kumsomea vitabu, maana elimu yake yote iliingia kwa masikio. Mwaka wa 1915 akampata msichana wa Kifaransa aitwaye Suzanne Bresseau. Sauti yake ilimfungulia vitabu. Kisha ikamfungulia dunia. Alimweleza rangi za anga, milima, nyuso za wapitao njiani. Hakumlilia wala hakumcheka. Jamaa za Suzanne walipinga wasioane, kwa kuwa Taha alikuwa mgeni, Mwislamu na kipofu. Aliyewasaidia ni mjomba wake, naye alikuwa padri. Walioana mwaka wa 1917, wakaishi pamoja miaka hamsini na sita. Mwaka uliofuata ndoa yao, Taha alikuwa na udaktari wa pili, wa Chuo Kikuu cha Paris, kwa kazi aliyoiandika juu ya mwanahistoria Ibn Khaldun. Mwaka wa 1919 walirudi Misri, naye akawa mwalimu wa chuo kikuu.

Usidhani kwamba kupanda kwake kulimwondolea dhiki. Mwaka wa 1926 alitoa kitabu juu ya ushairi wa Waarabu wa kabla ya Uislamu. Kitabu kile kilizusha ghadhabu kubwa. Kiliondolewa madukani, naye akaitwa kuhojiwa na serikali. Maadui zake hawakukosa kuutaja upofu wake. Basi katika dhoruba hiyo alifanya nini? Aliketi na mwandishi wake, akaanza kusimulia utoto wake: tonge la mikono miwili, aibu ya chuoni, kifo cha kaka yake. Mambo aliyoyaficha kwa miaka thelathini aliyatoa moja moja, akimtaja mtoto yule kwa kusema “yeye,” kana kwamba bado aliona haya kusema “mimi.” Masimulizi hayo yalichapwa katika jarida, kisha yakawa kitabu kiitwacho Al-Ayyam, yaani Siku, kilichotoka mwaka wa 1929 na ambacho vijana wa nchi za Kiarabu wamekisoma shuleni kwa vizazi vingi.

Mwisho wa kitabu anazungumza na binti yake mwenye umri wa miaka tisa. Anakumbuka siku aliyomsimulia kisa cha kale cha mfalme Oedipus, aliyetoka katika jumba lake akiwa kipofu, akiongozwa na binti yake. Mtoto yule alisikiliza, uso ukambadilika, akalia, akamwangukia baba yake na kumbusu. Mama yake alifahamu, na baba alifahamu: mtoto alikuwa amemwona baba yake katika mfalme yule. Machozi haya hayakuwa kama yale ya mezani. Yale ya kwanza yalimtenga, haya yalimkumbatia.

Mwaka wa 1954 kitabu hicho kilitolewa kwa nukta nundu, yale maandishi yasomwayo kwa ncha za vidole yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille, ambaye naye alipofuka utotoni. Taha aliandika utangulizi kwa ajili ya wasomaji wasioona. Alieleza kwamba aliyasimulia yale ili kujiondolea mawazo mazito yaliyomkaa moyoni. Hapo ndipo penye siri ya insha hii. Jambo lililofichwa ni jiwe juu ya kifua. Likisemwa kwa anayesikiliza, huwa jiwe la kukanyagia.

Mwezi wa Januari mwaka wa 1950 Taha Hussein alikuwa Waziri wa Elimu wa Misri. Aliwahi kuilinganisha elimu na maji na hewa, ambavyo kila mtu ana haki navyo; na katika mwaka ule ule karo za shule za sekondari zikafutwa. Mtoto aliyepofushwa na ujinga alilipa kisasi juu ya ujinga wenyewe. Alifariki mwezi wa Oktoba mwaka wa 1973.

Sasa, msomaji, nataka nikuondoe katika kosa moja. Usifunge kitabu ukisema kwamba kila asiyeona sharti awe waziri ndipo astahili heshima. Hilo ni gereza jingine, na wengi hutiwa ndani yake na wasifiaji. Mtu astahili heshima yake anapokula, anapokosea, anapolia, hata kama hatapata shahada yoyote. Wala usidhani kwamba ushujaa ni kutohuzunika. Taha alihuzunika sana. Ushujaa wake ulikuwa kurudia tena baada ya kukataliwa, kukubali mkono wa mwenzake, na mwisho kusema lililomuuma. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi ana haki ya kulilia koleo lake.

Katika nchi yetu ya Kenya, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona huko Thika mwaka wa 1946, na maelfu ya watoto wetu wamesoma kwa vidole vyao. Katiba ya mwaka wa 2010 imeiagiza Serikali ikuze matumizi ya nukta nundu pamoja na lugha zetu nyingine. Hayo ni mambo makubwa, nayo hupunguza ugumu wa gereza la kwanza. Lakini gereza la pili halijengwi bungeni wala halibomolewi bungeni. Hujengwa mezani, kiwanjani na darasani, kwa kicheko kimoja, kwa jina moja la dhihaka, kwa swali moja la mwalimu asiyefikiri.

Nilimwendea mvulana yule, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, maana mbele yao ndipo nilipomkosea. Hakunijibu siku ile. Siku ya tatu, wenzake walipokuwa wametoka, alinijia mezani akaniuliza kwa sauti ndogo kama ningeweza kuyasoma kwa sauti yale niyaandikayo ubaoni. Nikamwambia kwamba naweza. Tangu siku ile, katika kila darasa nililolifundisha, kila neno niandikalo ubaoni hulisoma kwa sauti, hata ninapodhani kwamba wote walio mbele yangu wanaona.